Chombo Kipya Katika Theluji ya Kina

Riziki yangu, tangu ujana wangu Tanga mpaka leo nilipo katika milima ya British Columbia, imetoka katika injini: kwanza zile za mashua za uvuvi zilizokuwa zikiletwa ufukweni zimekwisha kuliwa na chumvi, kisha za malori, na mwisho, kwa kuwa mtu hufuata kazi ilipo, zile za pikipiki za theluji, vyombo ambavyo katika utoto wangu sikupata kuviona hata pichani. Kwa hiyo nitakapoeleza hapa namna chombo kipya cha milimani kinavyokwenda katika theluji ya kina kirefu, msomaji ajue kwamba anapokea habari kwa fundi kwanza na kwa mpandaji baadaye. Na fundi ana ila yake, nayo ni kwamba kila uzuri huutafutia chuma kilichouzaa, na kila ubaya huutafutia skrubu iliyolegea.

Mji wa Revelstoke umelala kando ya mto Columbia, baina ya safu ya Selkirk na safu ya Monashee, mahali ambapo mawingu yatokayo bahari ya Pasifiki hulazimika kuinuka na kutua mizigo yao. Majira ya baridi ya 1971 hadi 1972, Mlima Copeland ulio jirani na mji huo ulipokea theluji ya zaidi ya mita 24, ikihesabiwa yote iliyoanguka tangu mwanzo wa majira hata mwisho, na hesabu hiyo hutajwa kuwa kubwa kupita zote zilizoandikwa Kanada. Msomaji asidhani kwamba theluji hiyo ni kama barafu ya kwenye jokofu. Ikiwa mpya, hewa yake ni nyingi kuliko maji yake. Ukiyeyusha ndoo kumi utapata ndoo moja hivi, na mara nyingine pungufu. Mtu akishuka kutoka juu ya chombo chake huzama mpaka kiunoni, pengine mpaka kifuani, wala hapana ardhi chini ya nyayo zake ya kumzuia asizidi kuzama.

Chombo cha asili hakikuundwa kwa ajili ya nchi kama hiyo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt katika jimbo la Québec, alifiwa na mwanawe mdogo katika majira ya baridi ya 1934, kwa sababu njia zilikuwa zimezibwa na theluji na hospitali haikufikika. Na mfumo wa kuendesha mkanda ambao alipata hataza yake mwaka 1937 ulitiwa katika magari mazito ya kubebea watu, waganga na wagonjwa. Ski-Doo, kile chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili, kilifuata mwaka 1959. Vyote hivyo vilichukulia kwamba nchi ni tambarare: ziwa lililoganda, shamba, barabara iliyofunikwa. Waliovipeleka milimani walivipeleka kwa ukaidi wao wenyewe, na kwa miaka mingi kazi ya fundi wa milimani ilikuwa ni kurekebisha kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mahali pengine.

Nilipoanza kazi hiyo nilivikuta vyombo vya kabureta, vipana, vizito mbele, ambavyo mwenyewe akitaka kupanda juu zaidi ilimpasa abadilishe jeti, maana hewa nyembamba haichukui mafuta mengi, na asipobadilisha injini hukohoa na kufifia. Kuvigeuza katika theluji ya kina kulikuwa ni mieleka. Mpandaji alijitupa upande mmoja kwa nguvu zake zote, akavuta usukani kwa mikono miwili, na chombo kikamjibu baada ya kutafakari. Wakongwe wa hapa wana mabega mapana, na mabega hayo hawakuyapata kwa kukata magogo peke yake.

Kile kipya kilifika katika karakana tunayofanyia kazi kikiwa ndani ya kreti, na kabla hakijaguswa na theluji nilikwisha kukizunguka kwa utepe wa kupimia. Mkanda wake, ukiupima mzingo wote, ni inchi 165, yaani zaidi ya mita nne. Meno yake ya mpira yana urefu wa inchi tatu, yamejipanga mithili ya makasia. Skii zake mbili za mbele zimesogeleana, zikiacha baina yao kadiri ya inchi 36 tu. Injini ni ya mipigo miwili, silinda mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 850, na nguvu zake hutajwa kuwa za farasi 165. Lakini uzito wake mkavu hauzidi sana kilo 200. Ndani yake hamna kabureta wala jeti: kompyuta hupima hewa na baridi, ikanyunyiza mafuta kwa kadiri. Ubao wa kukanyagia umetobolewa ili theluji idondoke isigande chini ya buti. Nguzo ya usukani imesimama wima zaidi, na mahali pa mpandaji pamesogezwa mbele, kiasi kwamba mtu asimame katikati ya chombo badala ya kukaa mkiani kama mzigo.

Hesabu moja niliifanya siku ile juu ya kipande cha karatasi, na tangu hapo nimewafanyia wengi, kwa kuwa hueleza mambo mengi yanayofuata. Chukua uzito wa chombo na mtu wake, uugawe kwa eneo la mkanda linalokanyaga chini. Kisha chukua uzito wa mtu peke yake, uugawe kwa eneo la nyayo zake mbili. Utaona kwamba kila sentimita ya mraba ya theluji iliyo chini ya mkanda inachukua mzigo mdogo sana kuliko ile iliyo chini ya miguu ya mtu. Ndiyo maana chombo huelea pale pale ambapo mwenye chombo huzama, na ndiyo maana aliyekiacha chombo chake mita hamsini juu yake aweza kutumia sehemu kubwa ya saa kukifikia.

Asubuhi nilipokipeleka mlimani, theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha bila ya upepo. Njia ya kwanza, iliyosagwa na mashine kupita katika msitu wa mierezi, haikunifurahisha hata kidogo. Katika ardhi ngumu chombo cha mlimani ni kiumbe asiye kwao: skii zake zilizosogeleana humfanya ayumbe katika kila kona, mkanda wenye meno marefu hutetemesha mwili mzima, na joto la maji ya injini hupanda, kwa kuwa hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda hadi chini ya bodi, na katika njia ngumu hakuna ya kurushwa. Niliteremsha vile vikwaruzo vya chuma vinavyochimbua theluji kidogo kidogo, nikaendelea kwa subira. Muuzaji mwenye insafu angemwambia mnunuzi jambo hili kabla ya kupokea fedha zake, illa sijakutana na wengi wenye kusema.

Miti ilipokwisha nikatoka njiani, na hapo mambo yakageuka. Chombo cha zamani kikiingia katika theluji mbichi kilikuwa kikiinua pua na kuzamisha mkia, kikachimba kwanza, halafu, Mungu akipenda, kikapanda juu ya kile kilichokichimba. Hiki kilijiweka juu ya theluji karibu mara moja, katika urefu wa chombo chenyewe, na pua yake ikabaki chini. Usukani ukawa mwepesi mno, kwa sababu skii katika theluji ya kina haziumi kitu. Nikaugeuza kulia na chombo hakikujali, kikaendelea kama kwamba hakikusikia. Ndipo nilipoegemeza mguu wa kulia juu ya ubao wa kulia, bila ya nguvu, kama mtu abadilishaye mguu kwa kuchoka kusimama, na chombo chote kikalala upande huo na kuanza kuandika duara. Nikatoa mguu, kikainuka. Nikaegemea kushoto, kikaandika duara la pili. Mikono yangu, ambayo kwa miaka ilikuwa imezoea kuamrisha, haikuwa na kazi ila kushikilia.

Kidole gumba, kinachobonyeza mafuta, kilikuwa na kazi kubwa kuliko mikono yote miwili. Chombo kikiwa kimelala juu ya ukingo mmoja wa mkanda wake, mafuta kidogo hukiinua, na kupunguza kidogo hukirudisha chini. Breki, ikiguswa kama mtu agusaye chuma asichojua kama ni cha moto, hukilaza ndani zaidi. Mambo haya matatu, mguu na gumba na breki, ndiyo mazungumzo yote baina ya mpandaji na chombo kipya; na yule aliyejifunza katika vyombo vya zamani hupata taabu mwanzo, si kwa kukosa nguvu bali kwa kuwa nazo nyingi. Nimewaona majabari wakikipindua chombo hiki mara kwa mara, kwa kukivuta kama walivyokuwa wakivuta vile vya jana, na kijana mwembamba akipita kando yao amesimama kwa mguu mmoja.

Lililo gumu kupita yote, na zuri kupita yote, ni kukata mteremko kwa upande, yaani kupita ubavuni mwa mlima bila ya kupanda wala kushuka. Uzito wote wataka kwenda bondeni. Tuseme mlima uko kushoto kwako: husimama juu ya ubao wa kushoto peke yake, mguu wa pili ukaelea au ukapiga goti kitini, ukavuta chombo kuelekea kwako mpaka kikasimama juu ya ukingo wake wa kushoto, na usukani ukaugeuza kulia, upande wa bonde, upande ambao kila hisia ya mwili inakukataza. Skii ya chini hubaki hewani. Atokaye kwetu pwani hahitaji kuelezwa sana, maana amekwisha kuona ngalawa ikienda joshi katika kusi kali, na baharia ametoka nje kabisa, amekanyaga mrengu wa upande wa upepo, mwili wake wote ukining'inia juu ya maji, huku nahodha akiwa ametulia shikioni. Na anajua kwamba yule wa mrengu akirudi ndani kwa hofu, hofu yake ndiyo itakayowazamisha. Nilipokuwa mvulana nilitumwa kwenye mrengu kwa sababu nilikuwa mwepesi na mtiifu, na sikujua kwamba nilikuwa nikifundishwa kazi ya nchi ya theluji.

Kunasa hakujaondoka. Chombo kipya hunasa mara chache zaidi, lakini kikinasa hunasa vibaya, kwa kuwa nguvu zile zile zinazokiinua huweza kukichimbia kaburi: mkanda ukizunguka upesi kuliko chombo kinavyokwenda mbele, meno ya inchi tatu huhamisha theluji kwa ghadhabu, na katika muda wa kuvuta pumzi mbili mkia umekwisha kufika chini na pua inatazama mbingu. Dawa ni kuachia mafuta mapema, wakati moyo unasema ongeza. Baada ya hapo ni sepeto, ni kukanyaga theluji iliyo mbele mpaka ishikamane, ni kuvuta skii zielekee bondeni, na ikibidi kukiviringisha chombo ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo wenye akili husimama pua ikielekea chini, hata kwa mapumziko ya kunywa chai. Kuna pia ule utepe wa mbele unaozuia mkanda usishuke mno: ukiukaza, pua hukaa chini katika kupanda, nao ukiulegeza, chombo huelea vizuri zaidi lakini huinua kichwa. Wengi hununua vipuri vya maelfu ya dola kabla ya kuugusa utepe huo, ambao kuurekebisha hakugharimu kitu ila spana na nusu saa.

Kuhusu turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, nitasema machache. Injini isiyo nayo hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Yenye turbo hubakia kama ilivyo pwani. Ni jambo la raha. Fauka ya raha sikuona haja, kwa mtu ambaye bado hajamaliza zile nguvu alizopewa mwanzo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa Mombasa na kulelewa Calgary, alipokuja kukaa nasi majira moja ya baridi. Kijana huyu hakupata kupanda chombo cha zamani. Alianza na hiki, na kabla majira hayajafika katikati alikuwa akipita ubavuni mwa milima ambayo mimi nilisubiri miaka kuithubutu. Akanirudia mbio, helmeti mkononi, uso umewaka kwa baridi na furaha.

"Ami, umeona? Kile kilima cha pili nimekifika juu kabisa!"

"Nimeona, mwanangu. Na theluji ya kilima kile uliionaje?"

Akanitazama kama niliyemwuliza habari ya rangi ya usukani. "Nzuri, ami. Laini."

Jawabu hilo lilinikaa rohoni, maana halikuwa na upungufu wa akili ndani yake. Ilikuwa ni kweli kama alivyosema: theluji ilikuwa nzuri na laini. Sisi tulioanza na vyombo vizito tuliijua theluji kwa kushindwa nayo. Tulinasa kwenye mguu wa kila mlima, tukachimba, na katika kuchimba tukaona kwa macho yetu tabaka juu ya tabaka, hapa ngumu, hapa kama sukari, hapa kama kioo. Miteremko mirefu iliyo juu ya mpaka wa miti hatukuifikia kwa sababu hatukuweza. Udhaifu wa chombo ulitulinda bila ya sisi kuuomba ulinzi. Waundaji wa vyombo vipya waliuondoa udhaifu huo, nao walifanya kazi waliyolipwa kuifanya; lakini pamoja na udhaifu aliondoka mlinzi pia, na mtu aweza leo kufika, kwa ustadi wa majuma machache, mahali ambapo maarifa yake yatachukua miaka kumfuata.

Mzee mmoja wa hapa, mkata magogo aliyestaafu, ndiye aliyemfundisha kijana wetu somo ambalo mimi sikuweza kumfundisha kwa maneno. Tulikuwa watatu, chini ya mteremko safi uliotazama kaskazini, si mkali sana, wa nyuzi kama thelathini na tano. Na kijana alikwisha kuwasha injini. Mzee akamwashiria azime. Akachimba shimo kwa sepeto, polepole, akakata nguzo ya theluji ya upana wa kama sentimita thelathini kila upande, akaweka ubapa wa sepeto juu yake, akaanza kuugonga: kwanza kwa kiwiko cha mkono kutulia na vidole kugonga, halafu kwa mkono kutoka kiwikoni. Hakufika kwenye bega. Sehemu ya juu ya nguzo iliteleza mbele kama droo ifunguliwayo, ikadondoka miguuni pake, na pale ilipokatikia kulikuwa na vipande vidogo vinavyometameta. Ulikuwa ni mvuke ulioganda usiku wa kweupe, majuma kadhaa nyuma, kisha ukafunikwa na theluji mpya nao haujashikana na kitu. Juu yake yote yalikuwa mazuri na laini.

Akatueleza, bila ya kupaza sauti, kwamba maporomoko mengi huanza katika miteremko ya nyuzi baina ya thelathini na arobaini na tano, na kwamba wengi wanaofukiwa huwa wameyaanzisha wao wenyewe au wenzao. Watu wa hapa hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 28 Disemba 2008, katika Harvey Pass karibu na Fernie, wapandaji kumi na mmoja wa mji wa Sparwood walipatwa na maporomoko. Walionusurika katika yale ya kwanza walikuwa wakiwachimba wenzao yalipowajia ya pili, na wanane hawakurudi. Tarehe 13 Machi 2010, katika Mlima Boulder, ambao kutoka karakana yetu si mbali, umati ulikuwa umekusanyika kutazama vyombo vikishindana kupanda, mlima ukakatika; wawili wakafa na wengi wakaumia. Kijana alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alisikiliza, kisha akaichukua sepeto akachimba shimo la kwake kando ya lile la mzee, na nguzo yake ikateleza pale pale.

Tulirudi kwa njia ya msituni, tukicheza baina ya miti katika miinamo isiyo na madhara, na nikiri kwamba sijapata siku njema kuliko ile katika chombo kipya. Katika nafasi nyembamba, ambapo hapana kilima cha kushindana nacho, ndipo wepesi wake unapoonekana kwa ukamilifu: chombo hugeuka karibu mahali pale pale, hupenya, husimama, huanza tena, na kosa likitokea hukupa muda wa kulirekebisha. Kwa shughuli hiyo mkanda wa inchi 154 unatosha, na mimi niliye mfupi huupenda kuliko ule wa 165, ingawa wauzaji hunitazama kwa huruma nisemapo hivyo.

Mwisho wa majira yale kijana alikuja karakanani kuniuliza bei ya turbo. Nilimwandikia bei, pamoja na ada ya mafunzo ya siku mbili ya maporomoko, pamoja na bei ya kitoa ishara kipya, fimbo ya kupimia na sepeto ya chuma badala ya ile ya plastiki aliyokuwa nayo.

"Ami, vyote hivi pamoja havifiki nusu ya turbo," akasema.

"Basi anza na vyote hivi."

Alikwenda kwenye mafunzo hayo, akarudi na madaftari yaliyolowa. Tangu hapo kila asubuhi anapokuja kuchukua chombo mimi humwuliza kwanza habari ya taarifa ya siku, ile itolewayo na Avalanche Canada, ambao makao yao yako papo hapo mjini: hatari ni ya daraja gani, miteremko ya upande gani, tabaka gani limelala chini. Naye hujibu bila ya kutazama simu. Turbo hajanunua, mwaka huu anasema anataka kubadilisha springi za mbele, na tumeanza kubishana kuhusu hilo.